Wasomaji Wanauliza: Hispania kwa Baiskeli, kwa Mwendo wa Taratibu

Katika toleo lililopita tulichapisha makala fupi kuhusu safari za baiskeli katika mashamba na vijiji vya kale vya Hispania. Barua zilizofuata zimetuonyesha kwamba tuliacha mambo mengi bila kuyaeleza, na moja kati yake inatulalamikia kwa haki. Tumechagua tano za kujibu hapa.

Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Arusha. Mimi na mke wangu tumevuka miaka sitini na tumezoea kuendesha baiskeli asubuhi, mwendo wa saa mbili au tatu, kwa afya tu. Binti yetu anaishi Barcelona na ametualika kwa mwezi wa Mei. Hispania ninayoiona kwenye runinga ni ya mashindano, vijana wakipanda milima huku jasho likiwachuruzika. Je, ipo Hispania ya watu wa umri wetu?

Shikamoo Mwalimu. Hispania hiyo ipo, na ni kubwa kuliko ile ya runinga. Waandaaji wa mashindano huitafuta milima kwa makusudi, kwa sababu mlimani ndiko mshindi anakopatikana. Wewe na mama tafuteni mahali palipopita garimoshi. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma haliwezi kupanda mwinuko mkali, na ndiyo maana wajenzi wa reli walipokutana na kilima walikitoboa handaki, na walipokutana na bonde walilivusha daraja. Njia nyingi za aina hiyo zilipokufa kwa kukosa abiria na mizigo, Hispania ilianza mwaka 1993 mpango wa kuzigeuza kuwa njia za waenda kwa miguu na baiskeli. Wenyewe huziita Vías Verdes, yaani Njia za Kijani, na leo zina urefu wa zaidi ya kilomita 3,000 nchi nzima. Mwinuko wake kwa kawaida hauzidi mita tatu kwa kila mita mia, na magari hayaruhusiwi kupita.

Kwa kuwa mtafikia Barcelona, anzeni na njia ya Olot hadi Girona, kilomita 54, iliyokuwa ya reli nyembamba iliyofungwa mwaka 1969. Olot iko katika eneo la Garrotxa lenye volkano zilizolala siku nyingi, vilima vya duara vilivyofunikwa na misitu, na mtu wa Arusha ataitambua sura ya ardhi hiyo mara moja. Mkitoka Olot mtapanda kidogo hadi mahali paitwapo Coll d'en Bas, kisha mtateremka polepole karibu safari yote, mkipitia Sant Feliu de Pallerols, Amer na Anglès. Ukiwa kwenye tandiko ni vigumu hata kujua kwamba unateremka, ila unashangaa kwa nini miguu haichoki. Msiimalize kwa siku moja. Laleni njiani, kisha siku ya pili ingieni Girona mapema ili mpate wasaa wa kutembea katika mitaa ya mawe ya mji mkongwe na kuingia katika kanisa kuu, ambalo ukumbi wake wa mtindo wa Gothic, wenye upana wa karibu mita 23, ndio mpana kuliko wote wa mtindo huo duniani. Miguu ikiwa bado inataka, kuna njia nyingine ya kilomita 39 kutoka Girona mpaka baharini, Sant Feliu de Guíxols. Treni ya kwenda Girona kutoka Barcelona ni rahisi kuipata, ila kufika Olot itabidi mpande basi.

Hata hivyo, Mwalimu, kama mna wiki moja zaidi, njia ninayoipenda kuliko zote haikuwahi kuwa na reli. Ni Mfereji wa Castilla, kaskazini mwa nchi, katika nyanda za ngano za mikoa ya Palencia, Burgos na Valladolid. Ulianza kuchimbwa mwaka 1753 kwa ajili ya kusafirisha nafaka kuelekea bandari za kaskazini, na kazi ilikwenda ikisimama mpaka mwaka 1849, ukiwa na kilomita 207. Mashua zilivutwa na nyumbu waliotembea ukingoni, na ile njia ya nyumbu ndiyo unayoendeshea baiskeli leo. Nyumbu mwenye kuvuta tani za ngano hapandishwi kilima, na maji ya mfereji hayapandi kabisa, kwa hiyo njia ni tambarare ya kweli. Mahali pekee unapoinuka au kushuka ni penye malango ya maji, yale mabirika ya mawe ambamo mashua iliingizwa, maji yakafunguliwa au kufungwa, nayo ikapanda au kushuka kama kwenye ngazi. Yako 49. Pale Frómista yamefuatana manne, na ukisimama juu yake ukayatazama maji yakiporomoka kutoka birika hadi birika utafahamu kwa nini watu walikubali kuchimba kwa karibu miaka mia moja. Cha kusikitisha ni kwamba miaka kama kumi tu baada ya mfereji kukamilika, reli ilijengwa sambamba nao na kuuchukulia mizigo.

Katika mji huohuo wa Frómista lipo kanisa la San Martín, ambalo asili yake ni mwaka 1066. Ni dogo, la mawe ya rangi ya asali, na chini ya paa lake zimechongwa sura nyingi za watu na wanyama. Hapo pia mfereji hukutana na njia ya mahujaji wa Kikristo wanaokwenda Santiago de Compostela, kwa hiyo kwa kilomita chache mtakuwa pamoja na watu wenye fimbo na mabegi mgongoni, kisha wao watashika njia ya magharibi na ninyi mtabaki na miti, bata na korongo weupe waliojenga viota juu ya minara ya makanisa. Vijiji vya huko vimejengwa kwa matofali ya udongo na majani makavu ya ngano, na pembezoni mwake utaona nyumba za njiwa, za duara au za mraba, nyingi zikiwa zimeanza kubomoka. Vijana wamehamia mijini. Kijiji chenye kanisa la kutosha watu elfu moja kinaweza kuwa na wazee wachache tu na duka hakuna. Wazee hao wakimwona mgeni aliyekaa kivulini hawapiti bila kumsalimu, na Mwalimu, wewe unayejua thamani ya salamu, jifunze japo "buenos días" na "buenas tardes" kabla ya kuondoka nyumbani.

Kilomita 35 kwa siku zinatosha. Bebeni chakula cha mchana na maji ya akiba, na msisafiri Jumapili mkitegemea kununua kitu. Mwezi wa Mei ngano bado ni kijani na jua halijawa kali, ingawa upepo wa nyanda zile ukiamua kuvuma usoni utawachosha kuliko kilima.

Bwana Mhariri, mliandika kwamba Njia ya Mafuta, ile njia ya reli ya zamani kati ya mizeituni huko Andalucía, kusini mwa Hispania, ni tambarare na inamfaa kila mtu. Nilikwenda mwezi wa Julai. Njia ilikuwa kama mlivyosema, lakini chumba nilicholipia kilikuwa katika kijiji cha Zuheros, na kijiji kiko juu ya jabali. Nilisukuma baiskeli yenye mizigo saa tisa alasiri, chupa ya maji ikiwa tupu, na nilipofika juu kila duka lilikuwa limefungwa. Nilikaa chini ya ukuta nikitetemeka kwa joto hadi mama mmoja aliponifungulia mlango na kunipa maji. Kwa nini hamkutuambia?

Tulikosea, na tunakuomba radhi. Tuliieleza njia tukasahau kijiji, na kosa hilo lingeweza kukudhuru vibaya. Tunamshukuru mama huyo kwa niaba yako.

Jambo tulilopaswa kuandika ni kwamba reli ilipita bondeni kwa sababu ilitaka wepesi, ilhali vijiji vilikaa vileleni kwa sababu vilitaka usalama, na kati ya viwili hivyo vilipita zaidi ya miaka mia sita. Sehemu kubwa ya Andalucía ilikuwa mpaka kati ya ufalme wa Kikristo wa Castilla na dola ya Kiislamu ya Granada, tangu karne ya 13 hadi Granada ilipoanguka mwaka 1492. Ndiyo maana miji mingi ya huko, kama Jerez, Arcos na Vejer, bado hubeba majina yenye maneno "de la Frontera", yaani "ya mpakani". Kwenye mpaka kama ule mtu hajengi bondeni. Hujenga juu ya mwamba, huweka ngome juu yake, na hupanga nyumba chini ya ngome kama vifaranga. Zuheros ni mfano mmoja. Olvera, iliyotwaliwa na Castilla mwaka 1327, ni mwingine, na pale pia stesheni iko chini na ngome iko juu. Reli zilipojengwa, stesheni zikaachwa mbali, na wenyeji wakabaki kupanda na punda.

Kwa hiyo mtu anayepanga safari hizi asitazame urefu wa njia peke yake. Atafute umbali kutoka stesheni ya zamani hadi kitanda chake, na tofauti ya kimo kati ya viwili hivyo. Kilomita tatu za mwisho zenye kupanda huchosha kuliko thelathini za mwanzo, na huja mtu akiwa ameshaishiwa nguvu. Nyumba nyingi za wageni huko vijijini hukubali kuja kuchukua mizigo ukiwaomba mapema. Zipo pia stesheni zilizogeuzwa kuwa mikahawa, ambamo mtu anaweza kusubiri jua lipungue.

Kuhusu saa, Wahispania wa vijijini hufunga maduka kuanzia kama saa nane mchana hadi saa kumi na moja, wakala na kupumzika, na chakula cha usiku huanza saa tatu. Ni utaratibu uliotokana na jua lao, na msafiri mwenye busara huufuata: anatoka saa moja asubuhi, anafika kabla ya saa saba mchana. Julai na Agosti katika bonde la mto Guadalquivir joto huweza kupita nyuzi 40, na njia ya mizeituni ina kivuli kidogo sana. Hatutampendekezea tena mtu yeyote miezi hiyo. Aprili, Mei na mwanzo wa Juni ni miezi mizuri, vilevile mwisho wa Septemba na Oktoba.

Hata hivyo tusingependa wasomaji waikatae njia hiyo. Inaanzia Jaén na kwenda magharibi hadi karibu na Puente Genil, jumla ya kilomita 128 hivi, katika mkoa ambao mizeituni yake huhesabiwa kwa makumi ya mamilioni. Garimoshi lililopita hapo lilibeba mapipa ya mafuta ya zeituni, na jina limebaki. Madaraja yake ya chuma ya karne ya 19 bado yamesimama, na ukiwa katikati ya lile linalovuka mto Guadajoz unaiona mizeituni imepangwa mistari mpaka upeo wa macho.

Assalaam alaykum. Naandika kutoka Muscat, ila nilizaliwa Unguja. Mimi na dada zangu wawili tunapenda kuziona nchi zilizokuwa za Waislamu huko Andalus, na tumechoka na mabasi ya watalii. Je, tunaweza kwenda kwa baiskeli, na tutakula nini?

Waalaykum salaam, Bibi. Mnaweza, na nafikiri mtaona mengi kuliko wanaokwenda kwa basi, kwa sababu athari za Andalus zimetapakaa katika mashamba na majina ya mahali kuliko zilivyo katika majumba makubwa.

Sikilizeni wenyeji wanavyosema. Zeituni kwao ni "aceituna", sukari ni "azúcar", kasri ni "alcázar", na meya wa mji huitwa "alcalde", neno lile lile la kadhi. Mito yao mingi huanza na "Guad", ambayo ni wadi, yaani bonde la mto, mnayoijua ninyi mnaoishi Oman. Guadalquivir ni al-wadi al-kabir, bonde kubwa. Mifereji midogo ya kumwagilia bustani huiita "acequia", kutoka as-saqiya, na mtu anayeishi karibu na falaji, mifereji ya aina hiyo ya Oman, atazitazama kwa jicho jingine kabisa. Kiswahili na Kihispania vilichota kisima kimoja, Kiarabu, bila kujuana. Waliozungumza lugha hiyo, lakini, walifukuzwa. Wa mwisho wao, waliokuwa wameshalazimishwa kubatizwa, waliondolewa nchini kati ya mwaka 1609 na 1614. Mimi siwezi kupita kwenye zile acequia bila kuwakumbuka.

Kwa watu watatu wanaotaka utulivu, ningechagua Njia ya Kijani ya Sierra, kilomita 36 kati ya Olvera na Puerto Serrano. Historia yake ni ya ajabu. Reli ilianza kujengwa miaka ya 1920, mahandaki yakachimbwa, madaraja yakasimamishwa, stesheni zikajengwa, kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka mwaka 1936 na kazi ikaachwa. Hakuna garimoshi hata moja lililowahi kupita. Mahandaki ni 30, na refu kuliko yote linakaribia kilomita moja. Ndani ni baridi na giza, kwa hiyo chukueni taa na shali hata siku ya jua. Anzeni Olvera, maana kwa jumla mtakuwa mnateremka. Katikati ya safari mtafika chini ya jabali la Zaframagón, ambalo ni makazi ya tumbusi wengi sana. Kaeni kimya dakika kumi na mtawaona wakizunguka angani bila kupiga bawa.

Laleni Olvera usiku wa kwanza na muinuke alfajiri. Si mbali na hapo kuna Setenil de las Bodegas, ambako nyumba zimejengwa chini ya mwamba unaoning'inia, mwamba ukawa ndio paa la mtaa mzima, na Ronda yenye Daraja Jipya lililokamilika mwaka 1793, karibu mita 100 juu ya korongo. Huko Ronda nendeni kwa gari, kwa sababu barabara ni ya milima na magari ni mengi.

Sasa chakula. Nyama ya nguruwe imo katika vyakula vingi, hata pale usipoitarajia. Mchuzi wa maharage au dengu hupikwa na kipande chake, supu nzito ya nyanya iitwayo salmorejo hunyunyiziwa vipande vyake juu, na visheti vya mantecado na polvorón hutengenezwa kwa mafuta yake. Semeni "sin cerdo" na "sin jamón" mapema, kabla mpishi hajaanza, na rudieni. Mkate wa kuchoma uliopakwa nyanya na mafuta ya zeituni ndio kifungua kinywa cha kila siku, na ni mtamu sana. Samaki, mayai, mboga, machungwa na jibini hupatikana kila mahali. Nyama iliyochinjwa kihalali ni ya kutafutwa mijini. Misikiti vijijini ni nadra, kwa hiyo chukueni mswala. Granada kuna msikiti uliofunguliwa mwaka 2003 katika mtaa wa Albaicín. Msikiti mkuu wa kale wa Córdoba sasa ni kanisa kuu, na Waislamu hawaruhusiwi kuswali ndani yake. Najua ni jambo zito, na nimeona ni afadhali mlijue mkiwa bado nyumbani.

Kaka, mimi ni kijana wa Kitanzania ninayesoma Birmingham. Nina baiskeli yangu. Nahitaji viza? Na je, treni za Hispania hupokea baiskeli?

Viza unahitaji, kwa sababu kibali cha kuishi Uingereza hakikuingizi katika nchi za Schengen, kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, Hispania ikiwamo, ukiwa na pasipoti ya Tanzania. Omba kwa Hispania ikiwa ndiyo utakapokaa siku nyingi zaidi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasiwe chini ya siku 15. Bima ya matibabu iwe ya angalau euro 30,000. Utatakiwa kuonyesha utalala wapi, jambo linalomsumbua msafiri wa baiskeli anayehama kila siku, kwa hiyo panga vituo vyote na uchague nyumba zinazoruhusu kufuta bila gharama.

Treni za mikoani hupokea baiskeli nzima, ingawa nafasi ni chache na inafaa kuiombea pamoja na tiketi. Treni za kasi huitaka iwe imekunjwa au imefunguliwa na kutiwa ndani ya mfuko. Barabarani utaendesha kulia, na makutano ya mviringo utayazunguka kinyume na ulivyozoea kwetu na huko Uingereza. Nje ya miji kofia ngumu ni lazima, na usiku taa na vazi la kung'aa pia. Sheria humtaka dereva anayekupita akuachie nafasi ya mita moja na nusu, na kwa kweli wengi hufanya hivyo. Namba ya dharura ni 112.

Mimi ni fundi baiskeli, Kigoma. Mteja wangu anasafiri kwenda huko na atakodi baiskeli. Akague nini?

Fundi, mwambie aanze na tairi. Njia nyingi ni za udongo ulioshindiliwa na changarawe laini, kwa hiyo asikubali tairi nyembamba za mashindano. Upana wa milimita 38 au zaidi utamfaa. Akague kama kuna keria imara na gia nyepesi kabisa, ile itakayompandisha kijijini jioni. Breki azijaribu akiwa na mizigo juu, kwa sababu baiskeli tupu hudanganya. Aombe tyubu mbili za akiba, pampu, viraka na funguo, na abadilishe tyubu moja mbele ya mwenye duka kabla ya kuondoka, ili agundue mapema kama nati za gurudumu zimeshika kutu. Kimo cha tandiko mpimie wewe hapo Kigoma, aandike kipimo kwenye karatasi na aende nacho.